Farasi Mia Tatu wa Mtani Wangu

Siku ya kwanza mtani wangu alipoingia gereji yangu pale Chemchem, mjini Tabora, hakunisalimu. Alifungua buti la gari la kazini kwake, akatoa nazi nne kavu, akazipanga juu ya pipa la oili chafu, akaniambia, "Mpagazi, beba hizo upeleke nyumbani, mkeo apike chakula cha watu." Nikamuuliza yeye ni kabila gani. "Mzaramo," akasema, kifua mbele. Basi nikazichukua nazi zote nne nikazifungia kabatini, na gari lake sikuligusa mpaka saa nane mchana. Alikaa juu ya tairi bovu akicheka peke yake. Nilipomaliza nikamwambia akome kuniletea vyakula vya watu wavivu, vinavyodondoka vyenyewe kutoka mtini, na kuanzia siku hiyo tukawa ndugu.

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walitoka huku na mizigo mabegani, wakatembea miezi mpaka pwani, na wakiingia Uzaramo walikuwa na ruhusa ya kung'oa muhogo wa mtu bila kuomba, naye mwenye shamba alikuwa na ruhusa ya kuwatukana mpaka wapotee machoni. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Haki hiyo ya kutukanana bila kukasirika imebaki, na si jambo dogo. Mtu wa umri wangu, mwenye gereji, wajukuu na shinikizo la damu, kila mtu anamwamkia kwa heshima na kumwambia maneno laini. Nilihitaji japo mmoja wa kuniambia kwamba nimenenepa kama gunia la michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa.

Yeye alikuwa mpima ardhi, amehamishiwa Tabora kikazi na mke wake na binti yao wa miaka saba. Karibu kila jioni alipitia gereji akitoka kazini, anatukana, anatukanwa, anakwenda zake. Nilimpenda mtu yule. Naliandika hilo mapema kwa sababu yote niliyofanya baadaye yalitokana nalo, pamoja na yale ya kijinga.

Mwaka wa pili akanunua gari lake mwenyewe. Lilikuwa gari la Kijapani lililokwisha kutumika, la familia, lenye buti refu nyuma, ambalo kiwanda kwa sababu kinazozijua chenyewe kililitia turbo na kulifanya likimbie kuliko sura yake. Rangi ilikuwa imepauka juani, lakini injini ilikuwa nzima, hata ungeweka kikombe cha chai juu yake isimwagike. Akaliegesha mbele ya gereji, akashuka, akalizunguka mara mbili.

"Mpagazi, hawa farasi ni wachache."

"Wako wangapi?"

"Mia mbili na hamsini."

"Na babu yako alikuwa nao wangapi?"

"Babu yangu alikuwa anabebwa na babu yako," akasema. "Alihitaji farasi wa nini?"

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Ndivyo kazi ilivyoingia gereji kwangu, kwa kicheko, na labda hapo ndipo ilipoharibikia.

Mimi sikuzaliwa kwenye magari ya mbio. Nilijifunzia ufundi kwenye matrekta na pampu za dizeli za wakulima wa tumbaku, mashine ambazo hazina haraka na zinasamehe. Turbo za petroli nilizijua ukubwani, kwa kusoma, kwa kuulizauliza mafundi wa Dar na kwa kuunguza vitu vya watu wachache walionivumilia. Kwa hiyo jambo hili nililifikiria kuliko wanavyolifikiria wale waliolikuta tayari. Wateja hunijia simu mkononi: mtu fulani, nchi fulani, kwenye injini hii hii ametoa farasi mia nne, wewe fundi unashindwaje? Huwa napandwa na hasira. Injini haina kikomo kimoja. Pistoni ina chake, konrodi ina chake, pampu ya mafuta ina chake, turbo ina chake, na joto la hewa inayoingia nalo lina neno lake. Gari zima linasimama pale kilipo kifaa dhaifu kuliko vyote. Kwenye injini ile ya mtani wangu kilikuwa pistoni.

Halafu kuna jambo la akiba. Kiwanda hakitengenezi injini ya farasi mia mbili na hamsini ikawa haiwezi hata mmoja wa ziada. Huwa wanaacha nafasi. Watu wanaiona nafasi ile kama shamba lisilo na mwenyewe, wanataka kulima. Lakini ile nafasi ina kazi. Iko pale kwa ajili ya petroli mbaya uliyojaziwa mahali usipopajua, kwa ajili ya chujio lililojaa vumbi la Agosti, kwa ajili ya mwenye gari anayechelewesha oili wiki tatu kwa sababu ya ada za shule. Ukiichukua yote ukaigeuza kuwa mwendo, gari litakwenda kweli, ila kuanzia siku hiyo haliwezi tena kukusamehe kosa. Nilimweleza mtani wangu haya yote. Akaniuliza kama mahubiri yameisha ili apitishe sahani ya sadaka.

Tukakubaliana mia tatu. Kila niliyemuuliza na kumwamini aliniambia kwamba pistoni zile za kiwandani zinafika hapo bila kulalamika, na kwamba mbele ya hapo unacheza kamari. Lakini kabla ya kuongeza hata farasi mmoja nilipima mgandamizo kwenye silinda zote nne, nikabadili plagi, nikafunga pampu kubwa ya petroli na bomba pana la eksozi, nikamwekea geji tatu juu ya dashibodi: moja ya msukumo wa turbo, moja ya mchanganyiko wa petroli na hewa, moja ya joto la moshi unaotoka. Alilalamika kwamba geji haziongezi nguvu. Nikamwambia geji ni za mtu asiye na masikio, na Wazaramo masikio yao yameharibiwa na ngoma. Vipimo vya kompyuta ya gari alitutumia mtaalamu mmoja wa Dar, tukabadilishana naye mafaili wiki nzima. Mwisho kabisa nikafunga koki ndogo ya shaba kwenye mpira wa turbo, chini ya boneti. Ukiikaza nguvu inapanda, ukiilegeza inashuka. Nilipoipata mahali pake nikaichora mstari mweupe wa rangi, na mwingine kwenye kiti chake, ili mistari ikikutana ujue iko sawa.

Tulikwenda kulijaribu barabara ya Sikonge asubuhi moja, yeye kwenye usukani, mimi macho kwenye geji. Spidi tuliyofika sitaiandika, wajukuu wangu wanajua kusoma. Nilihesabu kwa sauti. Moja mpaka kumi kila kitu kilikuwa kama tulivyoahidiwa: msukumo umetulia, mchanganyiko umetulia, gari linavuta kwa furaha. Kumi na tano. Ishirini. Geji ya joto la moshi ilikuwa bado inapanda. Ilipaswa iwe imeshasimama. Kisha nikasikia chini ya boneti mlio mdogo, kama punje za mahindi zinazodondoka kwenye sufuria, tatu, nne. "Achia!" nikapiga kelele. Akaachia. Mlio ule ni petroli inayojiwakia yenyewe kabla ya wakati wake, na kila punje ni nyundo juu ya pistoni.

Tuliporudi nikakaa na kalamu. Mtaalamu wa Dar hakuwa amekosea. Magari yake aliyapima kwa sekunde nane, tisa, na kwenye foleni za kule nani anapata nafasi ya kukanyaga mafuta mpaka mwisho zaidi ya hapo? Kule mia tatu ni namba ya kweli. Lakini sisi huku tuna barabara. Ile lami mpya inayotoka mjini, ikapita Kigwa, ikaingia msitu wa Nyahua kwenda Itigi na Manyoni, inanyooka mpaka unachoka kuitazama. Mle unaweza kukanyaga mafuta ukasahau una mguu, na joto linajilimbikiza. Pia huku tuko juu, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, turbo inazunguka kwa nguvu zaidi ili kutoa msukumo ule ule. Ni njia ile ile ya misafara, na wale wazee walijua jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau. Mwanamume yeyote mwenye nguvu aliweza kuinua mizigo miwili, ila hakuna msafara uliopanga mizigo kwa kuangalia kinachoinuka. Walipanga kwa kuangalia kitakachofika.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu, tena jibu rahisi. Mia tatu ni salama kwa kuhesabu kumi. Ukifika kumi, inua mguu, liache lipumue. Basi nikamwambia. Tatizo ni jinsi nilivyomwambia.

"Mzaramo," nilisema, "ukishikilia mguu zaidi ya kuhesabu kumi, hiyo injini itatapika pistoni barabarani, oili itamwagikia matairi, na mimi nitakuja kukuzika. Viatu vyako nimeshavichagua, vile vya kahawia."

"Havitakutosha," akasema, "miguu ya mpagazi ni mipana."

Tukacheka wote wawili. Nilicheka na mimi! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa nimebeba habari ya kifo cha mtu mdomoni, nikaivisha nguo za kuchezea kwa sababu sikujua kuongea naye kwa nguo nyingine. Ndani ya miaka miwili hatukuwahi kuambiana sentensi moja isiyo na mzaha. Alikuwa ameshaniona nikimwombea afe mara mia.

Kesho yake niliyakuta maneno yangu kijiweni kwa muuza kahawa. Mtani wangu alikuwa ameyasimulia mwenyewe, akiigiza kutembea kwangu: "Fundi wangu anataka niende Dar nikihesabu moja mpaka kumi kama mtoto wa chekechea, kisha nipumzike chini ya mti na mzigo wangu!" Watu waliumia mbavu. Nilinunua kikombe changu nikanywa, nikarudi kazini.

Nikajaribu tena. Alikuwa ameanza kuniambia kuhusu safari: mama yake anataka kumwona mjukuu, atachukua likizo, watatoka alfajiri na kufika pwani kabla ya jua kuzama, mke mbele, binti nyuma. Nilivua kofia, nikafuta mikono, nikamwambia, "Leo sikutanii. Nisikilize." Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akamgeukia jirani yangu wa duka la spea akamwambia, "Mleteeni dawa, mpagazi ana homa, anasema ukweli." Hasira zikanipanda, nikaitupa spana chini ikaruka mpaka barabarani. Akapiga makofi. Alidhani ni maonyesho. Nilimpigia na simu siku hiyo hiyo, nikasema tena kuhesabu kumi, nikasikia anacheka akimwita mkewe aje asikie.

Ningeweza kumwambia mke wake, lakini niliona aibu kumshitaki mwanamume kwa mkewe kama mtoto aliyevunja dirisha. Nikaliacha.

Siku mbili kabla ya safari akaleta gari kwa ajili ya sevisi, akaniachia ufunguo, akaenda ofisini kwa miguu. Nilimwaga oili, nikabadili chujio, nikakagua breki na matairi. Kazi ilikuwa imeisha. Boneti ilikuwa wazi, na mistari yangu miwili myeupe ilikuwa inatazamana sawasawa. Nilisimama pale muda mrefu nikimwona yule binti kwenye kiti cha nyuma. Kisha nikachukua bisibisi nikailegeza koki mpaka msukumo ulipoteremka chini hata ya ule wa kiwandani. Nilijiambia kwamba akirudi nitairudisha, na hatajua. Nilijisikia vizuri sana, sitaficha. Niliporudi nyumbani nilikula vizuri na mke wangu akaniuliza nimepata nini.

Yaliyotokea barabarani niliyajua kwa vipande, mengi kutoka kwa mke wake, ambaye naye mengine alisimuliwa na mumewe. Kilomita mia za kwanza na zaidi alikwenda taratibu kwa sababu mkewe alikuwa macho na mkali. Walipita Kigwa, wakaingia msituni, mkewe akasinzia. Mbele yao kulikuwa na lori lenye tela, limebeba mbao, linakwenda polepole. Akaangalia mbele, akaona basi linakuja kwa mbali, akapima kwa jicho. Jicho lake lilikuwa la mpima ardhi, halikosei umbali, na miguu yake ilikuwa imeshazoea farasi mia tatu. Akatoka upande, akakanyaga mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo, na gari halikwenda. Lilijivuta tu pembeni ya lile lori huku basi likikua. Hakuwa na nafasi ya kwenda mbele wala ya kurudi nyuma, akauvuta usukani kulia, akaiacha barabara, akaingia porini katikati ya miti.

Mkewe alivunjika mkono wa kushoto. Binti alipasuka mdomo na kupoteza meno mawili. Yeye mwenyewe hakupata hata mchubuko. Walilala hospitali siku mbili, wakarudi Tabora kwa basi, na gari likaletwa kwangu juu ya lori, ubavu mmoja umekunjamana.

Alikuja siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeliwasha gari kusikiliza, na injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, haina hata tone la oili lililovuja. Akasimama pembeni, macho mekundu, kiwiko mlangoni, akajitahidi kutabasamu.

"Mpagazi," akasema, "umeniroga? Maana nililikanyaga likanigomea kama punda."

Nataka nieleweke hapa. Alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema tu, "Nilikuroga, nilikuwa nataka nazi," angenitukana, tungecheka cheko la watu waliochoka, na habari ingeishia hapo milele. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Ningeirudisha koki kwenye mistari yake jioni hiyo na kubaki na mtani wangu. Nilikuwa naogopa. Lakini nilikuwa nimeona picha ya yule mtoto, aliyonitumia mama yake kwenye simu, mdomo umevimba, na uongo haukutoka.

"Nililegeza koki," nikasema. "Siku ya sevisi. Sikukuambia."

Akacheka, akangoja niendelee. Ndivyo tulivyozoea, mmoja anaanza, mwingine anangoja mwisho.

"Sikutanii," nikasema.

Akanitazama. Kisha akanyanyua boneti mwenyewe, akainama, akatafuta ile koki ya shaba. Mstari mmoja ulikuwa unatazama juu na mwingine ubavuni. Aliiangalia kwa muda ambao mtu anaangalia jina lake kwenye karatasi ya mahakama. Nilizima injini kwa sababu sikuweza kuvumilia jinsi ilivyokuwa inalia vizuri.

"Kwa hiyo nilikuwa naendesha gari nisilolijua," akasema polepole.

"Nilikuwa nataka ufike. Nilikuambia mara tatu, ukacheka mara tatu."

"Ungeniambia limepungua nguvu ningeliendesha kama gari lililopungua nguvu. Nisingetoka upande ule. Ningekaa nyuma ya lile lori mpaka Itigi."

"Usingenisikiliza."

"Si ulikuwa na ufunguo?" akasema. Hakupandisha sauti. "Siku mbili ulikuwa nao. Ungekaa nao. Ungeniambia hulipati gari mpaka ukae chini unisikilize. Ningekutukana, ningeondoka, kesho yake ningerudi. Ningekwenda wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa, nilikuwa nimefikiria petroli, joto, pistoni, mwinuko wa Tabora, kila kitu, na halikunijia hata mara moja kwamba ningeweza tu kukaa na ufunguo. Akaifunga boneti taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, akaondoka. Wiki iliyofuata mtu mwingine alikuja kulichukua gari akalipeleka gereji nyingine.

Nimerudia hesabu ile mara nyingi na haiishi. Ningeiacha koki mahali pake, angelipita lori lile kwa urahisi, mkono wa mkewe ungekuwa mzima. Pia angeendelea kukanyaga kwenye ile lami iliyonyooka, na huenda pistoni ingepasuka mbele ya Itigi, kwenye spidi ambayo pori haliwezi kuipokea kwa upole. Siku nyingine najipa haki. Siku nyingine naona kwamba nilikuwa nimepima vizuri kikomo cha kila kifaa ndani ya gari lile, nikashindwa kupima changu. Sasa hivi mtu akiniletea gari la kuongezwa nguvu, namwandikia kikaratasi kwa kalamu nene: nguvu kiasi gani, kwa muda gani, kwa petroli gani, nambandikia kwenye dashibodi, na kabla hajapewa ufunguo anakisoma kile kikaratasi kwa sauti mbele yangu. Wengine wanaona ni upuuzi. Na sigusi hata skrubu bila mwenyewe kusimama pale akiona. Kazi zimepungua kidogo, lakini nalala.

Yeye hakunichukia. Laiti angenichukia ningejua pa kuanzia. Alikuwa haji tu. Jioni saa kumi na moja ilikuwa inafika na kupita, na wateja walikuwa wananiamkia, shikamoo mzee, na mimi naitikia marahaba, marahaba, mpaka nafunga.

Baada ya mvua za mwaka ule mama yangu alifariki nyumbani kwetu Kigwa. Alikuwa mzee, alikuwa ameshachoka, lakini hakuna anayezoea. Tulikuwa tumekaa nje, wanaume upande mmoja kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake kwenye mikeka, na nilikuwa nimekauka, sijatoa chozi tangu nipokee simu. Nilipoinua macho nikamwona anakuja kwa miguu kutoka barabarani, kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa. Moyo wangu uliruka. Dada zangu nao walimwona. Walikuwa wanamjua, na wanajua kazi ya mtani msibani: ataanza kulia kwa sauti ya kuigiza, atadai nguo za marehemu, atalala mbele ya jeneza na kusema halitoki mpaka apewe kuku, atamtukana marehemu kwamba amekimbia madeni ya ugali, na watu watacheka huku wanalia, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuyatoa maumivu. "Mtani wako kaja," dada yangu mkubwa alininong'oneza, na tayari uso wake ulikuwa unalegea. "Afadhali. Sasa tutapumua."

Nilisimama kumngoja. Alipofika alinishika mikono yangu yote miwili, akainamisha kichwa.

"Pole sana, fundi," akasema. "Mungu ampumzishe mama mahali pema. Akutie nguvu wewe na familia."

Akaenda kuwapa pole wazee, mmoja mmoja, kwa taratibu zote. Kisha akakaa kwenye benchi la mwisho, mikono magotini. Alikaa saa tatu nzima. Hakudai kitu. Jeneza lilipotolewa alisimama na wengine, akashika upande mmoja, akabeba.

Tuliporudi kutoka makaburini sikuweza tena. Nilimfuata pale alipokuwa ananawa mikono, nikamwambia kwa sauti, watu wasikie, "Mzaramo, umekuja kuzika au umefuata ugali wa bure?" Nilikuwa nacheka. Nilikuwa namwomba.

Akakung'uta maji mikononi, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Hapana, fundi," akasema. "Nimekuja kukupa pole."

Akaaga, akarudi barabarani kungoja basi. Shangazi yangu, ambaye hakuwa anamjua, alimsindikiza kwa macho akaniambia mgeni wako yule ana adabu sana, watu kama wale siku hizi hakuna. Nikamjibu ndiyo, ana adabu. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya watu wote, na ndugu zangu wakaja wakanishika mabega wakidhani ninamlilia mama peke yake.